Fundi wangu kwa gemu amegundua Ruoth, yaani mtawala wake, anachoma vijiji na mtambo ambao fundi mwenyewe aliuunda. Akae, atoroke ama auharibu?

DaduZaKisumo
Wasee habari zenu. Naomba maoni juu ya mhusika wangu kwa ile gemu ya hadithi na dadu tunacheza na marafiki hapa Kisumu, Jumamosi jioni, Milimani kwa mmoja wetu. Nimekwama kabisa, na msimamizi wetu hana huruma, neno likishatoka mdomoni kwa meza yake halirudi.

Dunia yetu ni ya kubuni lakini tumeijenga na vitu vya huku. Kuna ziwa kubwa na visiwa, na mji mkuu uko ndani ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, hiyo tuliiba kutoka Thimlich Ohinga kule Migori (iko kwa orodha ya UNESCO tangu 2018 na bado kuna watu wa hapa hapa wanakuuliza hiyo ni nini).

Mhusika wangu ni Okello Nyundo. Msafiri na fundi, mtu wa kuzamia mapango ya ziwani kutafuta shaba ya kale halafu anarudi karakana anaifanya kitu hakuna mtu ashawahi ona. Alikuwa yatima wa ufuoni, majambazi wakamteka akiwa mtoto, na Ruoth wetu, mama mmoja anaitwa Ruoth Awino, akamkomboa na ng'ombe 12 kutoka zizi lake mwenyewe, akamlea, akampa karakana. Okello akaapa mbele ya wazee kwamba atamtumikia. Siku hiyo kwa ile dadu ya pande 20 nilipata 20 yenyewe, kwa hivyo kiapo kina nguvu: akikivunja, mkono wa kulia unakufa ganzi. Mkono wa fundi!

Sasa tatizo. Ziwa la hadithi limefunikwa na gugu maji kama letu, boti hazitoki, watu wana njaa. Okello akaunda mtambo tunauita Joka. Tangi la shaba, pampu ya mkono, bomba refu, utambi unawaka mdomoni. Wazo nilitoa kwa karabai za wavuvi wa omena, venye unapiga pampu na mafuta yanapanda kwa presha. Joka likatema moto juu ya maji, njia zikafunguka, watu wakaimba jina la Okello hadi asubuhi.

Sesheni iliyopita tukashuka kisiwa kimoja kutafuta maji ya kunywa tukakuta kijiji kimeungua chote. Nyavu zilikuwa bado zimening'inia kwa miti yake, zina umbo kamili, ukigusa zinakuwa majivu mkononi. Na kwa ukuta wa mawe kulikuwa na alama nyeusi, inaanza nyembamba halafu inapanuka na kugawanyika mara tatu mwishoni. Huo mgawanyiko ni wangu. Mdomo wa Joka una vijitundu vitatu juu nilitaka moto usambae kwa gugu, na nilishamweleza msimamizi hivyo kitambo. Jamaa alinyamaza tu akiniangalia hadi nikaelewa mwenyewe.

Kijiji kilikuwa kimekataa kulipa ushuru wa samaki. Jemadari ndiye aliongoza, lakini waliokuwa wanapiga pampu ni Otis na Adhis, vijana wawili ambao Okello mwenyewe amewafundisha kazi.

Tukarudi mjini. Ruoth akanipakulia chakula kwa mkono wake, akaniuliza kama ile kikohozi yangu imepona, halafu akasema anataka Joka zingine kumi kabla mvua ianze.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema kiapo ni kiapo. Mwingine anataka tumuue Ruoth usiku tumalize. Mimi sitaki zote mbili, juu Okello anampenda huyu mama, na sio mapenzi ya kuogopa. Mngefanya nini? Na tafadhali usiniambie ni gemu tu, hiyo nishaambiwa nyumbani.

Mulembe_Mbale
Mulembe. Beba vifaa vyako, panda mtumbwi usiku, kwisha. Fundi anapata kazi popote.

DaduZaKisumo
@Mulembe_Mbale nikitoroka Joka linabaki. Otis na Adhis wanajua kuliwasha na kulitengeneza, labda wakose kujua kuunda jipya. Na mkono je?

MwalimuHistoria_Naks
Habari kutoka Nakuru. Nafundisha historia na nimefurahi kusoma hii kuliko mitihani iliyo mbele yangu, basi mnivumilie.

Ndugu, Joka lako lilishawahi kuwepo. Karibu mwaka 672 mjenzi mmoja aliyeitwa Kallinikos, mkimbizi kutoka Heliopolis huko Syria, alifika Constantinople (Istanbul ya leo) akawapa Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, moto wa kumimina kwa bomba kutoka kwa meli, moto unaowaka hata juu ya maji. Mji ulikuwa unakaribia kuzingirwa na ule moto ukasaidia kuuokoa. Angalia huyo mtu alikuwa wapi: hana kwao tena, amepokewa na mji, anaulipa kwa kile anachojua. Ni Okello huyo. Wafalme wakaificha siri hiyo kwa karne kadhaa, wageni hawakupewa hata wakiomba vipi, na mpaka leo hakuna anayejua kwa uhakika ule mchanganyiko ulikuwa wa nini.

Lakini kitu nataka ushike ni hiki. Mwaka 812 Wabulgaria waliteka miji ya Wabizanti wakakuta mabomba 36 ya huo moto pamoja na mafuta yake mengi. Mtambo wanao, mafuta wanayo. Na bado hatusikii popote kwamba waliwahi kuutumia. Shaba peke yake haichomi kijiji. Unahitaji watu wanaojua joto ni kiasi gani, presha ni kiasi gani, unafungua lini. Kwa hivyo swali lako la "nitoroke ama nikae" mimi naona halijafika penyewe. Joka halikai kwa karakana. Linakaa kwa Otis na Adhis.

Na kuhusu kutoroka, yuko mtu alifanya. Joseph Rotblat, mwanafizikia Mpolandi, alienda Los Alamos huko Marekani 1944 kusaidia kuunda bomu la atomiki, kwa hofu moja tu, kwamba Hitler angelipata kwanza. Mwisho wa mwaka huo huo ikajulikana Wajerumani hawana bomu. Rotblat akasema basi, sababu yangu imeisha, akafunga virago. Wakamshuku kuwa jasusi. Akahamia fizikia ya hospitali, na miaka yake mingi iliyobaki akapigana na silaha hizo hadi akapewa Nobel ya Amani 1995. Ni mtu namheshimu sana. Ila bomu liliundwa bila yeye na Agosti 1945 likaangushwa, Hiroshima tarehe 6 na Nagasaki tarehe 9. Aliokoa mkono wake, kama unavyosema wewe, lakini mtambo uliendelea kwa mikono ya wengine.

FundiKaraba
Mimi nimesoma hii nikacheka peke yangu hapa Kibuye wateja wakaniangalia, juu karabai nimetengeneza tangu nikiwa kijana kabla hizi taa za sola ziingie ziwani na sijawahi ona mtu anaandikia karabai hadithi ya vita.

Kwanza fundi kwa fundi, gugu maji bichi haliwaki hivyo, lile zaidi ya asilimia 90 ni maji, utamaliza mafuta ya ziwa zima. Hapa kwetu mwishoni mwa miaka ya 90 walileta vidudu vya kulila. Okello angefuga vidudu na hii shida yote isingekuwepo lakini sawa ni mambo ya uchawi tuendelee.

Kuharibu Joka ni rahisi sana ndio maana lazima ujue unaharibu wapi. Pampu ya karabai ina vitu viwili. Juu kuna washa ya ngozi, hiyo ndio inasukuma hewa, na lazima ikae na mafuta, ikikauka inasinyaa, unapiga pampu inashuka tu bila nguvu, hewa inapita kando. Mteja anakuja analia karabai imekufa, unatia tone la mafuta kwa ngozi unaipanua na kidole inafufuka anadhani wewe ni mganga. Chini ya pampu kuna vali ndogo ya kuachia hewa iingie na kuzuia isirudi. Hiyo ikienda mafuta yanapanda nyuma kwa pampu, yaani yanakuja kwa mkono wa mwenye kupampu.

Sasa mtu wa hasira atakwambia kata ile vali. Usiguse! Joka lina utambi unawaka na tangi la presha, mafuta yakirudi nyuma anayeungua sio Ruoth wala jemadari wako, wao wako nyuma wamesimama na kofia zao. Anaungua Otis. Anaungua Adhis, mtoto umemfundisha wewe. Ukitaka Joka life bila kuua mtu ni ngozi. Wacha ikauke, ama weka ngozi mbaya ile ya tumbo la mbuzi, itapiga mara chache halafu presha inaisha moto unadondoka mita moja mbele kwa maji. Hakuna atajua. Wewe ni fundi sema ngozi za mwaka huu ni mbaya, sisi huwa tunasema hivyo kila siku.

ChepNandi
@FundiKaraba hapo mwisho umejishtaki mwenyewe, nikija na jiko langu tutaongea.

Mimi nawaandikia kutoka upande wa pili wa mlima, nyinyi wa Kano mnajua mnatuitaje. Nataka niwakumbushe mtu mmoja juu naona mnaongea usaliti kama ni kitu kimoja. Nyote mlilelewa na hadithi ya Lwanda Magere, shujaa wenu Waluo. Mwili wa jiwe, mikuki inaruka, mishale inaruka. Wazee wetu wa Nandi wakampa msichana aolewe naye. Bwana akaugua, akamwambia amchanje kwa kivuli sio kwa mwili, akachanja, damu ikatoka kwa kivuli. Usiku huo msichana akatoroka akawaambia watu wake. Vita iliyofuata wakachoma kivuli, na Lwanda akaanguka akawa jiwe.

Kwenu huyo ni mke msaliti, hata jina hamjaona haja ya kukumbuka. Bibi yangu akinisimulia aliisimulia tofauti kabisa. Alisema huyo msichana alikuwa amezika kaka zake kabla aolewe. Alilala kwa nyumba ya mtu aliyewaua. Na bado bibi alikuwa anasema alilia njia yote. Hapo ndio mimi huwa nasimama na hiyo hadithi, kwa kulia kwake, juu alikuwa ameshamzoea bwana, alikuwa anampikia, anajua anavyokohoa.

Kwa hivyo @DaduZaKisumo huo ushauri wa ngozi mbaya mimi siupendi. Fundi hapo juu anasema "hakuna atajua". Okello atajua. Atakula kwa huyo mama kila jioni akimdanganya na uso mkavu, na siku Ruoth akigundua (msimamizi wenu atahakikisha agundue, hao watu nawajua) atakuwa amedanganywa na mtu pekee aliyemwamini na ataanza kuchoma hata bila sababu. Yule msichana angalau alitembea na miguu yake akavuka mto.

JiweLaKitMikayi
Niulize tu swali moja halafu niende. Okello aliunda kitu cha kutema moto. Kikabebwa na jemadari. Kikawekwa kwa boti ya vita. Na hajawahi uliza?

Sisi watu wa kujifanya mafundi tunapenda hiyo. Kalashnikov alijeruhiwa vitani 1941, akaunda bunduki ya kulinda kwao, sawa. Kabla afe 2013 akiwa na miaka 94 alikuwa amemwandikia mkuu wa kanisa la Urusi akiuliza kama hizo roho zote ziko juu yake. Kanisa likasema silaha ya kulinda nchi si dhambi. Jibu zuri sana hilo ukiwa Moscow. Nenda uwasomee watu Baringo huko, ama Turkana, wale wamelala msituni na watoto juu ya mtu mwenye hiyo hiyo bunduki amekuja kuchukua mbuzi.

Mhusika wako hajakwama kati ya uaminifu na dhamira. Amekwama kati ya dhamira na karakana nzuri.

DaduZaKisumo
@JiweLaKitMikayi hiyo imeuma lakini sikatai yote. Kweli jemadari alikuja kuchukua Joka la kwanza na Okello alikuwa bize na la pili. Nilicheza hivyo mimi mwenyewe, nilitaka pointi za uvumbuzi. Lakini karakana si sababu. Angekuwa mtu wa karakana angeunda hizo kumi na nisingekuwa hapa nawasumbua.

@ChepNandi hiyo ya kulia njia yote sijawahi sikia, na nimekua na hiyo hadithi. Asante dada.

Mulembe_Mbale
Nimerudi, juu mke wangu amesoma jibu langu la kwanza akaniambia naongea kama mtu hajawahi kuwa na deni.

Ebu soma tena ulichoandika mwenyewe. Ruoth alimkomboa na ng'ombe 12. Huku kwetu, na hata kwenu naona ni hivyo, ndoa ikikataa kabisa kuna njia. Haikuwi kutoroka usiku, kutoroka ni kuendelea kuwa mke wa mtu ukiwa mbali. Wazee wanaitwa, ng'ombe zinarudishwa zikihesabiwa mchana watu wakiona, na hapo ndio unajua imeisha. Okello ni msafiri, anaingia mapango, amelala na shaba ya kale kwa gunia, anashindwa aje kutafuta ng'ombe 12? Aziswage hadi kwa lango la zile kuta zenu za mawe, asubuhi siku ya soko. Aseme mama, ulinipa uhai, uhai siwezi kurudisha, lakini ng'ombe hizi hapa, nifungue. Muulize msimamizi kiapo kinasema nini juu ya hapo.

Na Ruoth akizipokea ni yeye amevunja, si wewe. Akikataa kuzipokea mbele ya watu wote, basi kila mtu sokoni ameona kwamba huyu hakuwa mtoto alilelewa, alikuwa mateka alibadilishiwa mwenyewe tu.

FundiKaraba
Mzee wa Mbale hapo umeongea na mimi natoa ngozi yangu ya mbuzi mezani.

ChepNandi
Nzuri sana, nimeipenda. Lakini inamfungua Okello tu. Ng'ombe 12 hazimfungui Adhis. Jioni hiyo hiyo jemadari atarudi karakana na kuwaambia vijana mwalimu wenu ameenda, sasa nyinyi ndio mafundi wakuu, na mtoto wa miaka kumi na saba akiambiwa ni fundi mkuu unajua anafanya nini.

MwalimuHistoria_Naks
Hapo dada amenimalizia. Nina darasa la watoto wa umri huo na naweza kuwaambia hawa hawachomi kijiji kwa sababu wana roho mbaya, wanachoma kwa sababu mtu mzima wanayemheshimu alisimama kando hakusema kitu. Okello hajawahi kuwaambia kuna nini kule kisiwani. Wao wenyewe walikuwa juu ya boti, kwa moshi, usiku. Huenda hawajaona zile nyavu. Awapeleke. Kabla ya ng'ombe, kabla ya wazee. Mchana, boti ndogo, yeye na wao wawili, awaonyeshe ile alama ya vijitundu vitatu na aseme hii ni yangu.

DaduZaKisumo
Wasee nimempigia msimamizi nikamuuliza tu maneno ya kiapo, sikumwambia kwa nini. Ameniangalizia kwa daftari lake la sesheni ya kwanza. Okello alisema "nitatumikia nyumba hii kwa mkono ulionunuliwa". Akaniuliza mbona nauliza, nikasema nina hamu tu ya kujua, akacheka ile kicheko yake.

Mkono ulionunuliwa! Mulembe, ng'ombe zako zimeingia hapo sawasawa.

Kwa hivyo Jumamosi naanza na boti, na vijana wawili. Sijui kama watakubali kushuka, hiyo ni dadu itasema, na Adhis nilimpa ukaidi mwingi wakati tunamuunda, sasa najuta. Wakikubali tunaenda kutafuta ng'ombe wote watatu, ili siku ya lango karakana ibaki haina mtu anajua kupiga ngozi mafuta. Yule mwenzangu wa kuua Ruoth usiku nimemwambia angoje, amekubali lakini bado ananoa kisu kila akiongea.

Kitu kimoja hakijanitoka. Ruoth akizipokea hizo ng'ombe bila neno, akageuka akaingia ndani, Okello atafanya nini? Hiyo ndio naogopa kuliko mkono.

ChepNandi
Atalia njia yote. Enda hivyo hivyo.

Mulembe_Mbale
Kwani mnaanza saa ngapi, na kuna nafasi ya mtu mmoja hapo mezani? Nakuja Kisumu wikendi na gari la mahindi.

DaduZaKisumo
@Mulembe_Mbale kuna nafasi omera, saa kumi jioni, njoo na njugu. Lakini nafasi iliyobaki ni ya jemadari.